Jioni ni ya Mtoto

Dar es Salaam haijui jioni ndefu. Iwe Juni au Desemba, jua huzama kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasoro robo, na likishazama giza halichelewi. Mtoto wa London wakati wa kiangazi anaweza kula chakula cha usiku, akatoka tena nje na kucheza mpira hadi karibu saa 3 kungali kweupe. Mtoto wa Tandale au Mbagala hana nyongeza hiyo. Akirudi shuleni saa 9 au saa 10, akavua sare na kula kilichobakishwa mezani, mwanga uliobaki ni wa saa mbili na kitu. Ndani ya hizo kuna ndoo ya maji, kuna kutumwa dukani, kuna madrasa au tuisheni. Kinachosalia ndicho kilichokuwa cha mchezo.

Hapohapo ndipo mpira wa kwenye runinga unapotua. Mechi nyingi za Ligi Kuu yetu huanza saa 10 jioni. Mechi za Jumamosi za England, zinazoanza saa 9 alasiri kwa saa za kwao, hutufikia saa 11 jioni, na wao wakirudisha saa zao nyuma mwishoni mwa Oktoba hutufikia saa 12 kamili. Hakuna aliyekaa mahali akapanga hivyo, lakini ratiba ya watu wengine imeangukia juu ya jioni ya watoto wetu. Kwa hiyo nikizungumzia malezi na utazamaji wa michezo, siulizi kama mpira ni mzuri au mbaya. Mpira ni mzuri. Nauliza saa hizo chache ni za nani, na nani ana wajibu wa kuzilinda.

Nisieleweke kama wale wanaodhani kila shabiki ni mvivu aliyevaa jezi. Yanga ilianzishwa 1935 na Simba 1936. Katika nyumba nyingi utani wa timu hizo mbili umeshapita kwa babu, kwa baba, umefika kwa mjukuu, na wapo watoto wanaoijua rangi ya timu yao kabla hawajajua kuhesabu hadi kumi. Urithi huo una kazi yake. Mtoto aliyeamka Jumatatu timu yake imefungwa, akaenda shule akijua atataniwa, akataniwa kweli na akavumilia bila kurusha ngumi, amejifunza jambo lisilo kwenye ratiba ya shule yoyote. Baba na mwana waliokaa kochi moja Yanga ilipocheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na USM Alger mwaka 2023, au Simba ilipocheza fainali ya kombe hilohilo na RS Berkane mwaka 2025, wana la kusimuliana miaka mingi ijayo, hata kama kombe halikuja. Na tuseme ukweli: kuna nyumba ambamo baba huzungumza na watoto kwa amri tu, na dakika tisini za mechi ndizo pekee anazozungumza nao kama watu.

Hata kibanda umiza, banda la mtaani la kulipia kutazama mpira, nisingekifunga kama ningepewa ufunguo. Kwa shilingi 500 au 1,000, mabenchi yakiwa yamebanana na mabati yakiwa bado na joto la mchana, watu wa mtaa mzima hukaa pamoja, fundi gereji na mwalimu wake wa zamani. Lakini mtoto asiachwe humo peke yake. Matusi yanayotoka mdomoni mwa mtu mzima penalti inapopotea si urithi wa kumpa mtu, na moshi wa sigara wa kwenye chumba kisicho na dirisha haujui nani amelipa kiingilio cha mtoto na nani cha mkubwa.

Nje ya kibanda hicho kuna kitu ambacho wazazi wengi hawakitazami. Filimbi ya mapumziko ikilia, watoto hutoka mbio, na haipiti dakika kabla chandimu haijaanza: mpira wa makaratasi uliokazwa kwa kamba, magoli ya ndala mbili mbili, na kila mmoja ameshajipa jina la mchezaji aliyetoka kumwona. Goli lililofungwa kwa kichwa ndani ya runinga linafungwa upya kwa kichwa na mtoto wa darasa la nne, mara tatu, mara nne, mpaka atosheke. Wanabishana kuhusu kuotea. Wanasukumana, wanapatana. Hizo dakika kumi na tano ndizo faida kubwa kuliko zote ambazo runinga inaweza kumpa mtoto katika michezo. Inamwonyesha kitu, kisha inamwacha aende akakijaribu kwa miguu yake.

Kipimo changu kimetoka hapo. Utazamaji unaozaa mchezo una nafasi katika malezi, na unaoula mchezo hauna. Tofauti ya aina hizo mbili mara nyingi ni saa tu. Mechi ya mapema ya Jumamosi kutoka England, ile inayoanza kwao saa 6 na nusu mchana, hutufikia saa 8 na nusu, au saa 9 na nusu katika miezi yao ya baridi. Ikiisha, jua bado lipo. Mtoto ana nafasi ya kutoka na kukiiga alichokiona. Ile ya saa 11 au saa 12 ikiisha, nje ni giza, mama anaita watu waoge, na yote aliyoyaona yanabaki kichwani yakisubiri mechi nyingine. Mzazi anayetaka kutazama na mwanawe mechi moja kwa wiki angechagua ya kwanza. Wengi wetu huchagua kwa ukubwa wa timu, na timu kubwa hazitujali.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa angalau dakika 60 kila siku za shughuli inayoupa mwili kazi ya kweli, ya kumfanya apumue kwa kasi. Kwa walio chini ya hapo, mwongozo wa 2019 ni mkali zaidi: mtoto wa mwaka mmoja asikalishwe mbele ya kioo kabisa, wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku, na wote hao wajongee dakika 180. Mwaka huohuo wa 2019 shirika lilieleza kwamba zaidi ya vijana wanne katika kila watano duniani, wa miaka 11 hadi 17, hawafikii kiwango chao. Dakika 60 si nyingi. Ni rede na kombolela mpaka kuitwa. Ni chandimu ya jioni moja. Mechi moja kwenye runinga, pamoja na mapumziko na dakika za nyongeza, inakaribia saa mbili, na hapo sijagusa uchambuzi wa kabla na uchambuzi wa baada, ambao siku hizi ni mrefu kuliko mchezo. Kiungo wa timu kubwa anakimbia kilomita 10 na zaidi ndani ya mechi hiyo. Mtazamaji wake huenda jikoni mara mbili.

Wazazi wa umri wangu hupenda kukumbusha mchakamchaka. Tulikimbia asubuhi kabla ya gwaride, viatu vikiwa na vumbi au bila viatu, na hakuna aliyeuita mazoezi. Kumbukumbu hiyo ni ya kweli lakini huwa tunaitumia vibaya, kama fimbo ya kuwachapia watoto wa leo, kana kwamba sisi tulijikimbiza kwa hiari. Tulikimbizwa. Kulikuwa na mtu mzima aliyeshika filimbi na aliyeona kuwa ni kazi yake. Swali la haki si kwa nini watoto wa leo hawakimbii. Ni nani leo ameshika ile filimbi.

Nalikumbuka kila mara jambo moja kuhusu riadha yetu. Mwaka 1974, huko Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi alishinda mita 1,500 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kwa dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi ya dunia, akiwa ameongoza tangu mwanzo. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hata kimoja. Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu alishinda marathoni ya Mashindano ya Riadha ya Dunia kwa saa 2:09:48, muda uleule aliopewa Mjerumani Amanal Petros aliyekuwa nyuma yake kwa sehemu ndogo ya sekunde, na ikawa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Kwetu ilikuwa usiku wa manane, watu wamelala. Mara mbili taifa hili limefika kileleni kwa miguu wengi wakiwa hawaoni. Mtu asije akaniambia kwamba mtoto asipotazama sana hatapata moyo wa michezo. Wapo waliopata.

Hata hivyo mabingwa wana hatari yao katika malezi. Tangu Mbwana Samatta alipojiunga na Aston Villa Januari 2020 na kuwa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England, si ajabu kumsikia mzazi akiuzungumzia mguu wa mwanawe kama shamba la mikorosho. Mtoto mwenye kipaji ananunuliwa viatu, anapelekwa akademi, anapigiwa kelele pembeni mwa uwanja. Ndugu yake asiye na kipaji anaambiwa aende akasome, au anaachwa akae na simu. Huko ni kumnyima mtoto wa pili haki yake. Mwili anao na yeye, na atahitaji kupanda nao ngazi akiwa na miaka hamsini. Mchezo wa mtoto hauhitaji kuahidi chochote. Mtoto anayekimbia vibaya, anayeangusha mpira kila anaporushiwa, anayechaguliwa wa mwisho timu zinapogawanywa, huyo ndiye wa kutazamwa na mzazi kwa karibu zaidi, maana akikaa pembeni mwaka mmoja tu atajiita mtazamaji maisha yake yote.

Kuhusu usiku sina mengi. Mechi nyingi za Ligi ya Mabingwa Ulaya hutufikia saa 4 usiku, na saa 5 katika miezi ya baridi ya huko. Zinaisha karibu saa 6 au karibu saa 7. Mtoto wa shule ya msingi anahitaji usingizi wa saa 9 na zaidi, na wengi wa mjini wanaamshwa saa 11 alfajiri kuwahi gari. Hesabu haitoki. Alazwe. Na baba akipiga ukelele wa goli sebuleni wakati watoto wamelala chumba cha jirani, hajawalaza bado.

Mashindano yenyewe yanazidi kunenepa. Kombe la Dunia lilikuwa na mechi 64 hadi Qatar mwaka 2022; la 2026 likapanuliwa kufikia timu 48 na mechi 104. King'amuzi hakina sehemu ya kusema basi, inatosha. Kinachokata matangazo ni kifurushi kuisha tu. Wa kusema basi ni mzazi, na atalisema kwa shida kama yeye mwenyewe hawezi kuinuka.

Hapa ndipo penye uzito kwangu. Mtoto hasikii tunachosema kuhusu afya. Anatazama tunachofanya Jumapili. Baba anayejua majeraha yote ya beki wa kushoto wa timu ya ng'ambo, lakini hajui mwanawe anapiga mpira kwa mguu gani, amefundisha somo kamili bila kufungua mdomo. Somo lenyewe ni kwamba mwanamume mzima hucheza kwa macho. Na siku hizi macho hayo yako kwenye mambo mawili, mechi na mkeka wa kubeti. Mtoto anajua mkeka wa baba ulichanikia wapi, anajua dakika ya ngapi, anajua hasira itakuwa ya kiasi gani. Wengine hutumwa kabisa kwenda kwa wakala na karatasi mkononi, wakati sheria ya michezo ya kubahatisha hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza. Mzazi wa namna hiyo asijiite mpenzi wa michezo mbele ya wanawe. Amewafundisha kwamba jasho la mwenzao ni pesa ya kubahatisha.

Lakini lazima nitenganishe watu, kwa sababu ushauri wa afya tunaousoma magazetini umeandikwa kwa ajili ya mtu wa ofisini. Mama ntilie aliyesimama mbele ya moto tangu alfajiri hana haja ya kuambiwa aamke akimbie. Kuli wa Kariakoo vivyo hivyo. Wao wakikaa jioni kutazama mechi au tamthilia, wamepumzika kwa haki, na mwili wao umeshafanya kazi zaidi ya dakika zozote za mwongozo. Wajibu wao kwa mtoto ni mdogo na unawezekana: kumruhusu atoke, na kutomwita kila dakika tano kumtuma kitu. Mwenye deni kubwa ni yule aliyeketi kwenye gari asubuhi, akaketi kwenye kiti mchana kutwa, akaketi tena kwenye foleni ya Ubungo, na sasa anaomba asisumbuliwe kwa kuwa amechoka. Amechoka kweli, simbishii, lakini uchovu wake haupungui kwa kuketi mara ya nne. Nusu saa ya kurushiana mpira na mtoto uani ingemfaa yeye kabla haijamfaa mtoto. Vikundi vya jogging vinavyopita barabarani Jumamosi asubuhi vikiwa na fulana za rangi moja vimelielewa hilo. Nashangaa tu kwa nini watoto huachwa nyumbani wakiwa wamelala.

Na mtoto wa kike? Katika mazungumzo haya husahaulika kabisa. Mvulana anaongozana na baba kwenda kutazama mpira. Dada yake yuko jikoni akikatakata vitunguu vya watakaorudi. Mtu atasema huyo hakosi shughuli ya mwili, anachota maji, anapiga deki, anabeba mdogo mgongoni. Ni kweli, mwili wake unafanya kazi. Lakini kazi aliyotumwa haimpi kile anachopewa na mchezo aliouchagua: kushindana, kucheka, kuanguka na kuinuka bila mtu kumgombeza. Akifika miaka kumi na mbili anaambiwa sasa umekua, acha kuruka kamba barabarani, na siku hiyo ndiyo anaaga mbio. Mwaka 2022 timu yetu ya wasichana wa chini ya miaka 17, Serengeti Girls, ilikwenda Kombe la Dunia India kwa mara ya kwanza na ikafika robo fainali. Nyuma ya kila mmoja wao palikuwa na mtu mzima aliyekubali msichana atoke nyumbani jioni na vyombo vibaki vichafu kwa saa moja. Kama mtoto wa kiume ana haki ya saa yake, na wa kike anayo, na sufuria zioshwe kwa zamu.

Mzazi wa mjini ana jibu moja zito, nami siwezi kulipita. Anasema: nje wapi? Barabara ina bodaboda zisizopunguza mwendo, geti la jirani lina mbwa, na habari za watoto kudhalilishwa zimemtisha kila mwenye mtoto. Anamfungia ndani si kwa uzembe bali kwa hofu, na runinga ndiyo yaya wa bei nafuu kuliko wote. Hofu hiyo ina msingi. Ila tukumbuke kwamba mitaa yetu mingi iliyopimwa ilichorewa maeneo ya wazi kwenye ramani. Mengine yamegeuka karakana, mengine baa, mengine yamezungushiwa ukuta usiku mmoja na asubuhi kila mtu akapita kimya. Sisi tuliopita kimya ndio tunaolipia kibanda umiza sasa. Shule nazo zina viwanja vinavyofungwa kwa kufuli kuanzia saa 10 jioni, wakati watoto wa shule hizohizo wakicheza kwenye mtaro wa maji ya mvua. Wazazi wanne wa mtaa mmoja wakipeana zamu ya kukaa pembeni ya uwanja, kila mmoja jioni moja kwa wiki, hofu ya watoto kuachwa bila macho imepata jibu, na mwenye zamu anaruhusiwa kuja na redio yake akasikilize mechi.

Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 lilipewa Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja. Viwanja vikubwa vinajengwa kwa ajili yake, na ni sawa vijengwe. Ila mtoto wako hachezi Uwanja wa Benjamin Mkapa wenye viti 60,000. Anacheza kwenye kipande kile kidogo karibu na ofisi ya mtaa, kama bado kipo. Mkutano wa mtaa ukiitishwa, usimwachie jirani: nenda, uombe ramani iletwe, na uulize mbele ya watu wote eneo la wazi liko wapi na nani anaishika hati yake.